Msaada unaofika mvua ikinyesha

Nimekuwa kwenye kazi ya mipango na bajeti za halmashauri Kanda ya Kati kwa muda mrefu, na nikiletewa andiko la mradi wa mfadhili sianzi na jumla ya fedha. Nafungua ukurasa wa ratiba. Fedha zinaingia mwezi gani, akaunti ipi, na saini ya nani inazitoa. Mwaka 2005 nchi wafadhili na nchi zinazopokea zilikubaliana, katika Azimio la Paris, kwamba misaada ifuate mipango na mifumo ya nchi husika. Azimio zuri. Ila kwetu Dodoma linapimwa na kalenda.

Chukua lambo. Tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Lambo huchimbwa kiangazi: udongo unakatwa, tuta linapandishwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa, kisha inamaliziwa njia ya kutolea maji ya ziada. Ukichelewa kipande hicho cha mwisho, mvua kubwa ya kwanza inalijaza lambo, maji yanapita juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa juu halina muda. Asubuhi unakuta mfereji.

Sasa linganisha na kalenda za fedha. Serikali yetu inaanza mwaka 1 Julai, Marekani 1 Oktoba, Ujerumani Januari, Uingereza na Japani Aprili. Mfadhili anayefunga hesabu Machi akichelewa kidogo kuidhinisha, fedha zinatua Novemba na zinatakiwa ziwe zimeisha Machi. Yaani anakupa pesa ya kuchimba kwa miezi ileile ambayo greda haliingii mbugani kwa tope. Kinachofuata nimekiona zaidi ya mara moja: fungu la lambo linahamishiwa kwenye semina ya kuzijengea uwezo kamati za maji, kwa sababu semina hainyeshewi. Ripoti inapendeza, waliofundishwa wamehesabiwa, posho zimesainiwa, na ng'ombe wanaendelea kuswagwa kutwa kutafuta maji. Dawa yake si ngumu. Mvua za mwaka wa kwanza zipite watu wakipima udongo na kuchora, mkandarasi aingie Mei, na mfadhili aruhusu bakaa, yaani fedha ambayo haijatumika, ivuke mwaka. Hilo la bakaa ndilo wengi wanalolikataa.

Kupangiwa ratiba kutoka mbali hakukuanza jana. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ujumbe uliokuja kuangalia maeneo mwaka 1946 ulikaa wiki chache tu. Mwaka uliofuata kazi ikaanza, baadhi ya trekta zikiwa zimetengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Majembe ya trekta yalikatika, karanga zilizokomaa zikagoma kung'oka, ukame ukaongezea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Haukuwa msaada kwa maana ya leo, najua. Lakini uliitwa maendeleo, na Wagogo waliokuwa wakilima uwele na mtama palepale hawakuwa na kikao cha kuhoji lolote.

Lawama si za upande mmoja, tusidanganyane. Mwaka 1994 wafadhili walisimamisha fedha kwa sababu ya misamaha holela ya kodi na kodi zisizokusanywa. Denmark ikagharimia jopo huru chini ya mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner, na ripoti yake ya 1995 haikupepesa macho: Serikali imelegea kwenye mapato na rushwa, wafadhili nao wanaingilia mno na kuendesha miradi yao pembeni. Pande zote mbili zikakubali baadaye kupimwa na watu huru, jambo ambalo mimi naliona lina uzito kuliko maazimio mengi. Ilipofika 2014, kwenye sakata la Tegeta Escrow, la fedha za umeme zilizochotwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, wafadhili wa bajeti walizuia fedha mwaka ukiwa umeshaanza. Haki ya kuuliza walikuwa nayo. Ila ukikata katikati ya mwaka, aliyekula haumii. Anaumia mkandarasi mdogo aliyemaliza kazi na hajalipwa, na mgonjwa wa zahanati.

Mfano ninaoupenda umeanzia hapahapa. Zahanati ikikosa dawa Bohari ya Dawa, zamani ilihangaika madukani kivyake, kila moja na bei iliyoangukia. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma, kwa mradi uliofadhiliwa na Uswisi, ulianza mfumo wa Jazia: mkoa unashindanisha wauzaji na kumpata mshitiri mmoja, yaani muuzaji mkuu wa dawa, bei zinaandikwa kwenye mkataba, halmashauri inakusanya mahitaji ya vituo vyake, na vituo vinalipa kwa fedha zao wenyewe. Bohari imebaki chaguo la kwanza. Kufikia 2018 mfumo ukapelekwa nchi nzima. Ona mfadhili aliweka wapi hela yake: kwenye kuujenga mfumo. Mkataba ni wa mkoa, kwa hiyo mradi ukifungwa mshitiri haondoki.

Na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ambao wafadhili huchangia, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mganga mfawidhi na kamati ya wananchi wanakaa, wanapanga, wanaandika walichotumia. Makosa ya kihasibu yapo, na wakaguzi wanayakuta. Afadhali hayo, maana mwanakijiji anajua pa kwenda kuuliza.

Fedha zenyewe zinapungua. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo la nchi tajiri kutoa misaada ya asilimia 0.7 ya pato lao la taifa. Uingereza iliyolifikia imetangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027, na Marekani ilisimamisha misaada yake Januari 2025 kwa amri ya siku moja. Waliokuwa wakilipwa mishahara na miradi waliambiwa wakae nyumbani. Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani, andiko likija kwenye kikao ombeni orodha ya kila mtumishi ambaye mshahara wake unatoka kwa mfadhili, na mwaka ambao halmashauri itaubeba. Mwaka huo uandikwe kwenye mkataba siku ya kusaini, si siku ya kuagana.