Wimbo ulioikosa chati haukuwa umekosa mashabiki

Wengi hudhani wimbo ambao haumo kwenye Hot 100, chati ya Marekani ya nyimbo 100 bora ya jarida la Billboard, haukuvuma. Si kweli. Chukua "Don't Speak" wa bendi ya No Doubt. Kati ya 1996 na 1997 ulikaa namba moja kwa wiki 16 kwenye orodha ya Billboard ya nyimbo zinazopigwa redioni, lakini ukipekua Hot 100 ya miezi ile huuoni hata mkiani.

Tatizo lilikuwa kanuni. Ili uhesabiwe, wimbo ulipaswa kuuzwa dukani peke yake, yaani kama singo. Kampuni za muziki zikaona mwanya: usipotoa singo, anayetaka wimbo mmoja atanunua albamu nzima. (Ujanja wa muuza duka anayekataa kukufungulia pakiti.)

Kanuni ilibadilishwa Desemba 1998, singo ikawa si sharti tena. "Iris" wa bendi ya Goo Goo Dolls, uliokuwa umeongoza redioni wiki 18, ukaingia Hot 100 ukiwa umeshaanza kupoa, ukaishia namba 9.

Na Uingereza, ambako singo ya "Don't Speak" iliuzwa? Ilikuwa namba moja Februari 1997.