Thamani tarajiwa: kwa nini sarafu hukupa vichwa "1.5"

Rusha sarafu mara tatu, kisha uhesabu vichwa. Kwa hesabu, thamani tarajiwa, yaani wastani wa vichwa ukirudia zoezi hili mara nyingi sana, ni vichwa 1.5. Wengi hukwama hapo, na wana sababu: nani amewahi kupata kichwa kimoja na nusu? Kinachopotosha ni neno lenyewe, "tarajiwa", maana linasikika kama utabiri.

Ili kuielewa, anza na mgawanyo wa uwezekano. Mirusho mitatu ina matokeo manane, yote yenye nafasi sawa kama sarafu haipendelei upande. Moja halina kichwa, matatu yana kichwa kimoja, matatu yana viwili, na moja lina vitatu. Mgawanyo ni hayo tu: kila idadi inayowezekana pamoja na uzito wake, yaani 1/8, 3/8, 3/8 na 1/8. Zidisha kila idadi kwa uzito wake, ujumlishe, utapata 12/8, ambayo ni 1.5. Ukiupanga uzito huo juu ya ubao mwepesi, 1.5 ndipo pa kuweka kidole ili ubao usiinamie popote.

Kwa mirusho 10 thamani tarajiwa ni 5, namba nzima. Hata hivyo, vichwa vitano kamili hutokea kwa njia 252 kati ya 1,024, takriban asilimia 24.6. Kwa mirusho 100, kupata 50 kamili kunashuka hadi asilimia 8 hivi. Hapa ndipo ninapoona uzuri wa jambo hili: kadiri unavyorusha, ndivyo kuigonga thamani tarajiwa yenyewe kunavyokuwa kugumu, huku uwiano wa vichwa ukizidi kuikaribia nusu.

Siri iko kwenye mtawanyiko, yaani umbali ambao matokeo husambaa kutoka kwenye thamani tarajiwa. Kwa sarafu ya haki, mchepuko wa kawaida, ambao ndio kipimo cha mtawanyiko huo, ni nusu ya kipeuo cha pili cha idadi ya mirusho: 5 kwa mirusho 100, 50 kwa mirusho 10,000. Mirusho imeongezeka mara mia, mtawanyiko mara kumi tu. John Kerrich, mwanahisabati aliyewekwa kizuizini Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067. Aliipita 5,000 kwa vichwa 67, jambo lisilo la ajabu kwa mchepuko wa 50, na uwiano wake ulikuwa asilimia 50.67.

Basi usidhani sarafu hulipa deni. Baada ya vichwa vitano mfululizo, mrusho wa sita ni nusu kwa nusu vilevile. Vile vya ziada havifutwi na mikia itakayofuata. Humezwa na wingi wa mirusho.

Sasa badili swali: urushe mara ngapi mpaka kichwa cha kwanza kitokee? Mrusho mmoja lazima uufanye. Ukishindwa, na uwezekano wa kushindwa ni nusu, unaanza upya kana kwamba hujarusha. Kwa hiyo thamani tarajiwa ni 1 kujumlisha nusu yake yenyewe, na namba pekee inayokubali sharti hilo ni 2. Lakini tazama mgawanyo: nusu ya wanaojaribu humaliza kwa mrusho wa kwanza, robo kwa wa pili, na wachache wanaosubiri muda mrefu ndio wanaouvuta wastani hadi 2.