Pasipoti ya Farasi Si Hati ya Umiliki: Funzo la Ukoo wa Blunt

Malalamiko ya wanunuzi wa farasi wa Kiarabu nchini Uingereza hufanana. Fedha imeshalipwa, pasipoti imekabidhiwa, kisha anazuka mtu wa tatu akidai mnyama ni wake. Mnunuzi hufungua ukurasa wa nasaba, akaonyesha jina la Crabbet, shamba maarufu la kuzalisha farasi wa Kiarabu huko Sussex, akadhani shauri limekwisha. Halijaisha. Pasipoti humtambulisha mnyama, haimtambulishi mwenye mali. Serikali ya Uingereza imelisema hili waziwazi, na bado tunaulizwa kila msimu wa mauzo.

Kwa kuwa jina la Crabbet ndilo linalowababaisha wengi, historia yake ifahamike vizuri. Wilfrid Scawen Blunt alizaliwa mwaka 1840 katika familia yenye ardhi huko Sussex. Mwaka 1869 alimwoa Lady Anne, binti wa Ada Lovelace na mjukuu wa Lord Byron. Mwaka 1872 Wilfrid alirithi Crabbet Park baada ya kaka yake kufariki. Mwaka 1878 wenzi hao walianza kuzalisha farasi walionunuliwa kwa Mabedui, na baadaye wakaongeza waliotoka kwa Ali Pasha Sherif wa Misri, akiwamo dume Mesaoud. Wengi humtaja bwana peke yake. Si haki: sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya Lady Anne, naye alijua Kiarabu na kuweka kumbukumbu za farasi kwa uangalifu.

Ndoa ilipovunjika mwaka 1906, farasi waligawanywa. Lady Anne alibaki na kundi la Crabbet, Wilfrid akakaa na lake Newbuildings, makazi yake mengine ya Sussex. Lady Anne alifariki Cairo mwezi Desemba 1917, na wosia wake ukawapa farasi wajukuu wake wa kike, chini ya mdhamini aliyewashikia mali hiyo. Wilfrid akadai ni wake. Binti yao Judith, aliyekuwa ameshakuwa Lady Wentworth, alisimama upande wa pili, na farasi wakawa wanachukuliwa huku na huku wakati shauri likiendelea. Mwaka 1920 mahakama iliamua kwa faida ya mdhamini wa wajukuu. Wilfrid alifariki mwaka 1922, na Judith akaliendesha shamba hadi alipofariki mwaka 1957.

Nasaba za farasi hao zilijulikana kizazi kwa kizazi. Kilichopelekwa mahakamani ni hati: nani alimpa nani, lini, na kwa masharti gani. Ugomvi wa leo ni uleule, ila sasa kuna chipu shingoni, yaani kifaa kidogo chenye namba ya kumtambulisha farasi.

Anayeambiwa kwamba farasi “amezaliwa Crabbet” naye apige hesabu. Shamba lilifungwa mwaka 1971 barabara kuu ya M23 ilipopita kwenye ardhi yake. Farasi huishi miaka 25 hadi 30. Kinachouzwa leo ni uzao wa mbali, na asilimia ya damu ya Crabbet inayotajwa hupimwa kwa mababu walioandikwa kwenye daftari la nasaba. Maneno ya muuzaji hayahesabiki.

Sababu ya pasipoti kutothibitisha umiliki ni rahisi. Sheria inataka ikae karibu na farasi, kwa hiyo huwa mikononi mwa aliyeazimwa, wa zizi la kulipia, hata wa msafirishaji. Kuishika si kumiliki.

Kabla ya kulipa, chipu isomwe kwa kifaa mbele yako. Namba ina tarakimu 15, na zote zilingane na za kwenye pasipoti. Tofauti ya tarakimu moja inatosha kusitisha malipo. Linganisha pia mchoro wa mnyama: baka la usoni, soksi za miguuni, mizunguko ya nywele. Chipu huwekwa na daktari wa mifugo upande wa kushoto wa shingo, kati ya utosi na mabega. Ikikosa kusomeka, usikubali kuambiwa “imehama”, mwite daktari. Kama nasaba ndiyo inayopandisha bei, omba uthibitisho wa vinasaba, unaopimwa kwa nywele za singa zilizong’olewa pamoja na mizizi.

Risiti iwe na tarehe, bei, jina la farasi, namba ya chipu, majina, anwani na sahihi za pande zote mbili, na tamko la muuzaji kwamba mnyama ni wake, hana deni wala hakuazimwa. Bila karatasi hii hatuwezi kukusaidia, na tunasema hivi kwa heshima.

Ukishanunua, una siku 30 kupeleka pasipoti kwa shirika lililoitoa ili jina libadilishwe. Mtoto wa farasi apate pasipoti kabla ya kufikisha miezi 6, au kabla ya tarehe 30 Novemba ya mwaka aliozaliwa, kwa kutegemea ipi inachelewa zaidi. Tangu Oktoba 2020, farasi wote England lazima wawe na chipu, wakiwamo wazee. Anayekaidi anaweza kutozwa na halmashauri faini isiyozidi pauni 200. Kumtunza farasi asiye na pasipoti halali ni kosa jingine, lenye faini yake.

Pasipoti ikipotea, ombi liende kwa shirika lilelile lililoitoa. Nakala hutolewa, lakini farasi huyo hataruhusiwa tena kuchinjwa kwa chakula cha binadamu, kwa kuwa rekodi ya dawa zake imekatika. Farasi akifa, pasipoti irudishwe ndani ya siku 30. Anayetaka kuihifadhi kama kumbukumbu aombe irudi kwake baada ya kubatilishwa.