Duryodhana alimzidi Bhima ufundi, na ndo kilichomponza

Mimi kazi yangu ni hizi tenzi za kale za Kihindi, na swali ninaloulizwa sana ni kwa nini Duryodhana, mwanamfalme aliyegombania ufalme na binamu zake watano, ndugu Pandava, alipigwa mapajani na mmoja wao, Bhima. Wengi watakwambia mama yake Gandhari alimtazama mwili ukawa chuma, ikabaki ile sehemu aliyoifunika tu. Tamu kweli, ila kwenye Mahabharata ya Kisanskriti, utenzi wenyewe unaosimulia vita vyao, hiyo haimo, na kwangu mimi inaharibu pambano lenyewe.

Cheki ilivyo kwenye kitabu cha 9. Siku ya 18 ya vita, jeshi la Duryodhana limekwisha, yeye kajificha ndani ya ziwa. Yudhishthira, kaka mkubwa wa Pandava, anamwambia toka, chagua yeyote kati yetu watano, ukimshinda ufalme wako. Krishna, rafiki na mshauri wa Pandava, akawaka! Umeanza tena kamari, kama ile uliyopotezea ufalme? Maana Duryodhana alikuwa amejifua miaka 13 akilipiga rungu sanamu la chuma la Bhima, sasa fikiria angemchagua Nakula, mdogo wake Bhima, si ingekuwa imeisha hapohapo.

Basi wakaingia yeye na Bhima, kocha wao wote wawili Balarama, kaka yake Krishna, anaangalia. Arjuna, mdogo mwingine wa Bhima, anauliza nani mkali, Krishna bila kupepesa macho anasema Bhima ana nguvu zaidi ila Duryodhana ni fundi zaidi, kwa haki hatumshindi. Arjuna akajipiga paja la kushoto, Bhima akaona, akaelewa, kwanza mwenyewe aliapa kulivunja paja hilo tangu siku Duryodhana alipomwonyesha Draupadi, mke wa Pandava, paja lake kwenye ukumbi wa kamari.

Hapa ndo penyewe. Bhima alishapigwa vibaya akakaza tu, mwenzake asijue kama kaumia. Halafu akamvamia, na Duryodhana akafanya kile fundi angefanya, akaruka juu ili rungu lipite hewani, na kwa kuruka mapaja yakaja palepale Bhima alipolenga. Yakavunjika yote mawili.

Sheria ya rungu ni marufuku kupiga chini ya kitovu, faulo ya wazi kabisa. Balarama akanyanyua jembe lake, ndo silaha yake, amvamie Bhima, Krishna akamkumbatia kumzuia. Na kabla ya hapo Bhima alishamkanyaga kichwa mtu aliyelala chini, hadi Yudhishthira akamkemea. Na Krishna hakuficha, aliwaambia Pandava waziwazi kwamba wale wababe wa upande wa Duryodhana, Bhishma, Drona, Karna, na Duryodhana mwenyewe, hakuna hata mmoja ambaye wangemuweza kwa haki.