Mamlaka yaliyoorodheshwa katika Katiba ya Marekani

Serikali ya shirikisho ya Marekani, ile yenye makao yake Washington, haina mamlaka ya jumla ya kutunga sheria kuhusu kila jambo linalowagusa wananchi wake. Ina yale tu iliyopewa na Katiba, na mengi ya yale ya Kongresi, yaani bunge lake, yametajwa moja baada ya jingine katika kifungu cha 8 cha Ibara ya Kwanza: kutoza kodi, kukopa fedha, kusimamia biashara na mataifa ya nje na baina ya majimbo, kutengeneza sarafu, kuanzisha ofisi za posta, kutangaza vita, kuunda jeshi na mengineyo. Kwa hiyo Kongresi inapopitisha sheria, swali la kwanza si kama Katiba imeikataza, bali ni wapi Katiba ilipoiruhusu. Jimbo halidaiwi ruhusa ya namna hiyo. Linaweza kutunga sheria kuhusu elimu, ndoa, jinai au ardhi, maadamu halivunji Katiba ya Marekani wala ile ya jimbo lenyewe.

Mpangilio huu ulizaliwa na hofu mbili zilizovutana. Chini ya mkataba wa ushirikiano uliotangulia Katiba, Kongresi haikuweza kutoza kodi. Iliyaomba majimbo fedha, na mara nyingi majimbo hayakutoa kiasi kilichotakiwa. Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 walitaka kuondoa udhaifu huo, lakini watu waliotoka kupigana na mfalme wa Uingereza hawakuwa tayari kujitwisha mtawala mwingine wa mbali. Marekebisho ya Kumi, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yakatamka waziwazi kwamba mamlaka ambayo Katiba haikuikabidhi serikali ya shirikisho, wala kuyanyima majimbo, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Hata hivyo, orodha ya kifungu cha 8 inamalizika kwa kuipa Kongresi uwezo wa kutunga sheria zote za lazima na zinazofaa ili kutekeleza mamlaka hayo. Jimbo la Maryland lilipoitoza kodi benki ya taifa, likidai kwamba Katiba haitaji benki popote, Jaji Mkuu John Marshall alikubali mwaka 1819 kwamba mamlaka ya serikali hiyo yana mipaka, lakini akaamua kwamba lengo likiwa halali, Kongresi inaweza kuchagua njia inayolifaa, ikiwa njia hiyo haikukatazwa. Benki ikabaki, na kodi ya Maryland ikabatilishwa.

Kipengele kilichotanuka kuliko vyote ni kile cha biashara baina ya majimbo. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio aliyepanda ngano kupita kiwango alichoruhusiwa na sheria ya shirikisho, ingawa ziada hiyo alisema ni ya matumizi ya shamba lake. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba anayejilimia hanunui sokoni, na wakulima wengi wakifanya hivyo, bei ya ngano nchi nzima inaguswa. Kwa maoni yangu, ukubwa wa mabadiliko haya unaonekana vizuri zaidi ukilinganisha pombe na bangi. Pombe ilipigwa marufuku nchini kote kwa kubadili Katiba yenyewe, kupitia Marekebisho ya 18 yaliyoridhiwa mwaka 1919. Mwaka 2005 Mahakama hiyo ilikubali kwamba Kongresi inaweza kukataza hata bangi iliyopandwa nyumbani kwa ajili ya matibabu huko California, jimbo lililoiruhusu, kwa kutegemea kipengele cha biashara tu, ambacho maneno yake hayakuwa yamebadilika.

Mipaka, hata hivyo, haikufutika. Mwaka 1995 Mahakama ilibatilisha sheria ya shirikisho iliyokataza kuwa na bunduki karibu na shule, kwa kuwa kitendo hicho si shughuli ya kiuchumi. Miaka miwili baadaye iliamua kwamba Washington haiwezi kuwaamuru wakuu wa polisi wa kaunti kuwachunguza wanunuzi wa bunduki: sheria ya shirikisho inaweza kutekelezwa na maofisa wa shirikisho, lakini watumishi wa majimbo hawawezi kulazimishwa kuifanya kazi hiyo. Kanuni hii ndiyo inayoyawezesha majimbo kadhaa kufuta adhabu zao za bangi na kuwaachia maofisa wa shirikisho kazi ya kutekeleza katazo lao wenyewe.

Washington inapokosa uwezo wa kuamuru, mara nyingi hutumia fedha. Sheria ya mwaka 1984 iliyapunguzia fedha za barabara majimbo yaliyoruhusu vijana walio chini ya miaka 21 kununua pombe, na mwaka 1987 Mahakama iliikubali kwa sababu sehemu iliyokatwa ilikuwa ndogo, asilimia 5. Lakini mwaka 2012, sheria ya bima ya afya ilipotishia kulinyang'anya jimbo fedha zake zote za Medicaid, mpango wa bima ya afya kwa watu wenye kipato kidogo, iwapo lingekataa kuupanua mpango huo, Mahakama ilisema kwamba huo si ushawishi tena bali ni shuruti, na kila jimbo likaachiwa hiari ya kuupanua au kuuacha kama ulivyokuwa.