Leseni ya biashara si ruhusa ya kukesha

Wengi Dodoma, kuanzia Area C hadi Nkuhungu, huamini kuwa baa yenye leseni ya biashara inaweza kuuza pombe na kupiga muziki hadi alfajiri. Sivyo. Pombe ina leseni yake, chini ya Sheria ya Vileo, Sura ya 77, nayo hutolewa kwa aina: baa, hoteli, grosari. Saa za kuuza hufuata aina hiyo. Baa ya kawaida, siku za kazi, ni saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Tatizo huanzia hapo: mtu hukata leseni ya grosari, kisha hupanga viti na spika nje kama baa.

Tazama leseni ukutani: soma aina, eneo na tarehe ya mwisho. Kelele ni suala jingine kabisa. Andika tarehe na saa za kelele hizo kwa siku kadhaa, umpelekee mtendaji wa mtaa.