Je, wajua kwa nini mtafiti wa ndege anapaswa kuandika pia kwa ajili ya watu wa mtaani?

Mtu wa Mombasa hahitaji profesa amweleze kunguru ni nani. Humwona sokoni Kongowea akichokoa taka tangu alfajiri. Wasilojua wengi ni kwamba huyu mwenye shingo ya kijivu ni mgeni: aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili apunguze taka, na kufikia 1947 alikwisha kuonekana Mombasa. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe.

Habari za namna hii zimejaa katika majarida ya kitaalamu, kama Scopus, la ndege wa Afrika Mashariki, linalotoka tangu 1977. Lakini pale Majengo nani hulisoma? Mwanaikolojia huhesabu ndege, hukagua viota, huchambua takwimu, kisha huwaandikia wenzake wa fani. Hayo ndiyo yanayompandisha cheo chuoni. Makala ya gazetini haihesabiwi sana, na kwangu hilo ni kosa kubwa, maana elimu ya ndege yenyewe hutegemea macho ya watu wa kawaida.

Chukua mfano wa pete za ndege. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwavisha kwezi pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Njia hiyo inatumika hadi leo. Mvuvi wa Mtwapa akiokota kitwitwi mwenye pete, ndege aliyetoka kuzaliana Siberia, asipojua ile namba ni ya nini ataitupa, na habari ya safari yote imepotea. Kumweleza mvuvi mapema, kwa Kiswahili chepesi, tayari ni utafiti.

Hata kwa kunguru ni hivyo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja, na sumu ikiwa mojawapo ya njia. Mwenye kuku na paka uani ana haki ya kuuliza, na wa kumjibu ni aliyesomea mambo hayo. Huyo pia ndiye wa kumwambia kwamba kunguru hushiba mabaki ya samaki na ya jikoni, kisha huvamia viota vya chozi na mnana na kula makinda. Kwa hiyo, funika pipa.

Katika mradi wa Kenya Bird Map, nchi imegawanywa vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9, na yeyote huorodhesha ndege aliowaona humo. Orodha ya mwalimu wa Likoni huingia katika ramani ileile na ya mwenye shahada ya uzamivu, mradi amewatambua ndege wake sawasawa.